'Futa', 'Chelezo' na 'Rejesha': Maneno Mepesi Yanayopotosha

Mfasiri anayekabidhiwa kitabu cha maelekezo ya ruta, mita au chombo kingine chenye kompyuta ndogo iliyopachikwa ndani yake, hukutana na sura ihusuyo kutunza nakala ya yaliyomo na kuyarudisha pindi chombo kiharibikapo. Sura hiyo huonekana nyepesi. Futa, nakili, hifadhi, rejesha: yote ni maneno ya kila siku, na mfasiri huyapita mbio ili azifikie sura za umeme na mawimbi, anakodhani ndiko kwenye ugumu. Kwa maoni yetu mambo ni kinyume chake. Jina la kigeni likikosewa, fundi atauliza. Lakini neno la kawaida likikosewa hatauliza, atatenda.

Tuanze na 'futa'. Neno hili hutumika kwa kuondoa faili katika orodha, na pia kwa kusafisha kumbukumbu yenyewe ili iandikwe upya. Katika kumbukumbu ya flashi hayo ni matendo mawili yaliyo mbalimbali kabisa. Biti iliyosafishwa husimama kwenye 1. Kuandika ni kuigeuza iwe 0, na kuirudisha 1 peke yake haiwezekani. Hurudishwa kitalu kizima kwa pamoja. Katika aina moja ya flashi ya NAND iliyoenea sana, ukurasa una baiti 2,048 na kitalu kina kurasa 64. Basi anayetaka kubadili herufi moja mahali palepale hana budi kusafisha baiti 131,072. Isitoshe, kitalu huchakaa kwa kusafishwa. Ndiyo sababu mifumo ya mafaili iliyotungwa kwa ajili ya flashi, kama JFFS2 ya mwaka 2001 na UBIFS iliyoingia katika Linux mwaka 2008, huandika jambo jipya mahali pengine na kuliacha la zamani likingoja zamu yake ya kusafishwa.

Matokeo yake ni kwamba faili 'lililofutwa' huenda bado limo ndani ya chombo, zima. Ofisi inayouza vyombo vyake vikuukuu baada ya kusoma katika maelekezo kwamba siri zake 'zimefutwa' imedanganywa na tafsiri. Tunapendekeza 'futa' libaki kwa faili, na kitalu 'kipanguswe', kama mwalimu apangusavyo ubao wote kabla ya somo jingine. Pendekezo hili halikiuki asili ya jina lenyewe. Fujio Masuoka wa Toshiba alipoitangaza kumbukumbu hii mwaka 1984, jina la flashi lilikuwa limekwisha pendekezwa na mwenzake, Shoji Ariizumi, ambaye kule kupangusa kwa mkupuo kulimkumbusha mmweko wa kamera. Tendo ambalo tafsiri zetu zimelificha ndilo lililokipa kitu jina lake.

Kuhusu nakala ya tahadhari, wafasiri wengi huandika 'hifadhi', neno ambalo tayari limeelemewa: twahifadhi faili, twahifadhi Kurani, twahifadhi wanyama. Wengine huandika 'chelezo', nasi twaliunga mkono neno hili. Ni neno la mabaharia, la kitu kieleacho. Na linabeba ndani yake sharti ambalo 'nakala' hailibebi, kwamba kitu hicho kikae nje ya chombo. Nakala iliyowekwa katika flashi ileile si chelezo, maana itazama pamoja na jahazi. (Ngeli yake ni ya KI-VI, wingi vyelezo, 'chelezo yangu' ni kosa linaloenea.)

Hata hivyo neno moja halitoshi. Kuna chelezo cha mafaili, ambacho huchukua mafaili na mipangilio tu na chaweza kuwekwa katika chombo kingine cha namna ileile. Halafu kuna kile tupendacho kukiita chelezo ghafi, kinachochukua flashi kama ilivyo, ukurasa kwa ukurasa. Kila ukurasa wa NAND tuliyoitaja una baiti 64 za ziada ambazo twaona zafaa kuitwa 'pambizo', kama ilivyo katika daftari: humo huandikwa tarakimu za kusahihishia makosa, na humo kiwanda hutia alama ya vitalu vibovu. Vitalu hivyo haviko mahali pamoja katika flashi mbili. Fundi anayeambiwa 'anakili' flashi moja juu ya nyingine, asiambiwe kuruka vitalu vibovu, atayasukuma yote kwa mfululizo na kupata chombo kisichowaka.

Neno linalotutia wasiwasi zaidi ni 'rejesha'. 'Kurejesha mipangilio ya kiwandani' kumekwisha zoeleka kwa watumiaji wa simu, lakini tazama kinachotendeka katika ruta yenye OpenWrt. Chini pana mfumo wa kusomwa tu. Juu yake pana tabaka la kuandikwa, la JFFS2 au UBIFS. 'Kurejesha' huko ni kuondoa tabaka la juu tu. Hakuna kinachorejea kutoka kiwandani. Na katika ruta nyingi ipo sehemu ndogo ya flashi yenye vipimo vya redio ya chombo hicho kimoja pamoja na anwani zake. Ikipanguswa bila chelezo, programu ya mtengenezaji haitairudisha, kwa kuwa haimo humo. Ikichukuliwa ya ruta nyingine, vyombo viwili vitajitambulisha kwa anwani moja na redio itafuata vipimo visivyo vyake. Msomaji aliyeahidiwa 'hali ya kiwandani' ana haki ya kuamini kwamba yote yatarudi.

Kwa hiyo mfasiri aandike 'kuondoa mipangilio ya mtumiaji' pale ambapo ndilo tendo lenyewe, hata kama maneno ni mengi kuliko ya lugha asilia. 'Rejesha' aliweke kwa chelezo kilichopo mkononi. Na agizo la kurejesha chelezo ghafi lisiwe neno moja, bali: soma alama za vitalu vibovu, pangusa vizima, andika ukiruka vibovu, kisha soma tena ulinganishe.