Mkono wa Karani

Nawasifu makarani wa hesabu, watu ambao hakuna anayewatungia wimbo. Hapa Syokimau, mji wenye jina la mtabiri wa Kikamba aliyesemekana kuiona reli kabla haijafika, utawakuta asubuhi kwenye treni ya kwenda mjini, kabrasha mapajani. Kazi yao ni moja: fedha ikitoka, ijulikane imekwenda kwa nani.

Ugumu wa kazi hiyo unaonekana vizuri katika vitabu vya Marekani vya baada ya utumwa. Mwaka 1865 serikali iliunda idara ya kuwasaidia walioachwa huru, chini ya Jenerali Oliver Otis Howard. Iligawa chakula na kusaidia shule, lakini mimi nazipenda faili zake za madai. Askari weusi walikuwa wakidai mishahara na marupurupu ya kujiandikisha jeshini, na mawakala walaghai wakizimega fedha hizo njiani. Mwaka 1867 Bunge likaamuru malipo yapitie idarani. Basi karani alimkalisha mjane asiyejua kusoma, akamhoji: mumeo alikuwa kikosi gani? Nani aliwaona mkioana? Ndoa ya watumwa haikuwa na cheti, hivyo ushahidi wa jirani ndio uliobeba dai zima. Chini ya maelezo mama alitia alama ya X, karani akaandika jina la mama kuizunguka, mashahidi wakatia sahihi. Herufi moja ikikosewa hapo, mjane anageuka mtu mwingine.

Kwetu Pwani fidia ilikwenda upande wa pili. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya 6 Aprili 1897 kule Unguja, na sheria ya 1907 ya pwani ya Kenya, zilifuta utumwa kisheria, lakini ziliwalipa mabwana. Mtumwa wa Unguja aliyepewa uhuru mahakamani alitakiwa aonyeshe makao na riziki yake, asije akaitwa mzururaji. Masuria waliungoja uhuru hadi 1909. Ustadi wa karani ulikuwa uleule, jina, tarehe, kiasi. Aliyepokea ndiye aliyebadilika. Kwa hiyo mtu akiniambia daftari halina upande, namwangalia tu.

Lakini bwana hakuweza kufidiwa kwa mtumwa asiyetajwa. Mjukuu anayemtafuta bibi yake leo anaweza kumpata humo, jina limeandikwa kwa makini, kwenye malipo ya mtu mwingine.