Besi Imekaa Pabaya

Fundi haanzi na bisibisi. Anavua viatu mlangoni, anaketi kwenye kochi analokalia mwenye nyumba kila jioni, anaomba wimbo wa zamani wa bendi ya Mlimani Park, kisha ananyamaza. Sebule hii ya Tandika ina urefu wa mita 3.4, kuta za tofali za saruji, bati juu na dirisha la luva. Sabufa imesukumiwa kwenye kona nyuma ya mlango, isimzuie mtu njia. Gitaa la besi linatembea vizuri noti baada ya noti, mpaka linapogusa noti moja ya chini: chumba kinavimba, luva zinalia, mwimbaji anamezwa.

"Fundi, punguza tu huo mdundo, jirani kashalalamika."

"Mama, besi siyo nyingi. Imekaa pabaya."

Noti hiyo iko karibu na herzi 50. Wimbi lake ni la mita 6.8, mara mbili kamili ya urefu wa sebule, kwa hiyo linakwenda na kurudi ukutani likijiongezea nguvu, na saruji hailinyonyi. Kona nayo inalichochea. Programu ya simu ya kupimia kelele fundi haiangalii, na nadhani ana haki: desibeli za kawaida hupimwa kwa kufuata sikio la binadamu, hivyo kwenye herzi 50 hukatwa kama 30. Simu itasema pametulia huku kitanda cha jirani kinatetemeka.

Anaibeba sabufa na kuipandisha juu ya kochi, palepale pa kukalia. Kisha anapiga magoti na kutambaa kandokando ya ukuta, kichwa kikiwa chini. Njia ya sauti ni ileile kwenda na kurudi. Mahali ambapo sikio linasikia noti zote zikilingana ndipo sabufa inapopaswa kukaa. Watoto wanacheka mlangoni, yeye hana habari nao. Anaipita meza ya runinga, anarudi, anasogea upana wa kiganja, anasikiliza wimbo mzima tena. Ndipo anachora chaki sakafuni.

Sasa bisibisi. Anachomoa waya ukutani, anafungua mgongo wa sabufa, na kabla ya kugusa kitu anamaliza umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa kwa kuunganisha miguu yake kupitia resista. Krosova ya ndani, inayoamua sabufa iishie herzi ngapi, ni kitu kidogo: chipu ya 4558, resista mbili za kilo-omu 20 na kapasita mbili zilizoandikwa 473, yaani nanofaradi 47. Kwa hesabu hiyo sabufa inaachiwa kupanda hadi herzi 170 hivi, kwenye koo la mwanamume. Ndiyo maana mwimbaji alikuwa anamezwa. Fundi anagusisha pasi ya lehemu, anasubiri risasi ing'ae, anaing'oa kapasita bila kuvuta, anasafisha tundu, anachomeka ya 104. Havuti pumzi hadi risasi ipoe. Ya pili vilevile. Mpaka umeshuka hadi karibu herzi 80.

Spika mbili ndogo nazo zinahitaji kuondolewa mzigo wa chini. Kila moja ni ya omu 8. Anachukua kapasita mbili za maikrofaradi 470, anaziunga hasi kwa hasi, zinakuwa moja ya 235 isiyochagua upande, na kuanzia herzi 85 kushuka spika inazidi kupumzika. Kwa nini asinunue krosova tayari? Anainua mabega, anaendelea kusokota waya.

Akishaiweka sabufa kwenye chaki na kuwasha, anageuza waya zake, chanya kwa hasi, anasikiliza, anazirudisha, anasikiliza. Upande mmoja gitaa linakonda pale sabufa na spika ndogo zinapopokezana. Anauacha huo, anachukua mwingine.

Mwisho anaweka singeli. Ngoma za kasi hivyo hazisamehe besi inayochelewa kunyamaza. Luva zimetulia, na kila pigo linakatika mahali pake. Mama anauliza kama amepunguza sauti. Kitufe hakijaguswa.

Anataja bei ya kapasita sita na ya kazi. Mama anaomba apunguziwe.

"Kwenye kapasita nitakupunguzia, Mama. Kwenye kutambaa, hapana."