Toleo la Programu Huria: Chota Kwanza

Mnunuzi mzoefu wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma, hatosheki na kutazama rundo. Anachota kiganjani, ananusa, anapukuta ajue kama walianikwa kwenye chanja au mchangani. Programu huria nayo ichotwe vivyo hivyo kabla haijaingia kwenye kompyuta ya duka au zahanati hapa Rusimbi.

Anza na namba. Kwa desturi ya waandishi wengi wa programu, toleo linaloanza na sifuri, tuseme 0.4, linakuonya kwamba lolote laweza kubadilika. Huo ni uungwana. Mimi namwamini aliyekaa kwenye 0.9 kwa miaka kuliko aliyerukia 3.0 ndani ya mwezi mmoja.

Tarehe haisemi yote. Programu ndogo ya kubadili aina ya faili inaweza kukaa kimya miaka mitano kwa sababu kazi yake imekwisha. Inayogusa intaneti au nywila za watu ikinyamaza muda huo, achana nayo.

Mfano wa kwetu upo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya heshima kabisa. Lakini ilijengwa juu ya OpenOffice 1.1, na faili za docx zilikuja baadaye na Office 2007, hivyo haizijui. Ukikuta diski yake leo, ithamini kwa tafsiri zake. Barua za ofisi ziandikie LibreOffice, iliyozaliwa 2010 na bado inatunzwa.

Sasa tazama nani anajibu. Wingi wa malalamiko usikutishe, kwani programu isiyolalamikiwa huenda haina mtumiaji. Soma majibu: yanatoka kwa wangapi, na yanatatua nini? Mradi wa mtu mmoja aliyechoka ni hatari. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aligundua njia ya siri ya kuingilia kompyuta ndani ya xz, programu ya kubana faili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeipandikiza alikuwa amejipatia imani ya msimamizi aliyeelemewa, akapewa madaraka. Ujanja wenyewe ulikuwa hapa: kipande cha kuiamsha kilikuwa kwenye kifurushi cha kupakua tu, hakikuwemo kwenye msimbo uliokuwa wazi kwa wote. Kwa hiyo toleo lisiloweza kujengwa upya kutoka kwenye msimbo wake, kwangu halina sifa, hata lipambwe vipi.

Linganisha na DHIS2, inayobeba takwimu za afya nchini: watunzaji wake, Chuo Kikuu cha Oslo, hutamka matoleo gani bado yanahudumiwa.

Ukiamua kuchukua programu yatima, isiyo na mtunzaji tena, hifadhi kifurushi na msimbo kwenye flashi, maana vinaweza kufutwa mtandaoni. Kisha ingiza mauzo machache ya majaribio, uiambie ikutolee yote kwa CSV. Ikishindwa, usiipe daftari la duka lako.