Kuandaa Mahali pa Kuangukia

Katika kazi za mtunza seva, hii ndiyo isiyompa mtu sifa. Hakuna bosi anayeiulizia, wala mteja anayejua kuwa ipo. Ni kukaa chini mashine ikiwa nzima, haina hata homa, na kuamua: siku kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, ikipaniki na kusimama, yaliyomo kwenye kumbukumbu yake yaandikwe wapi?

Asiyeijua kazi atasema, si yaandikwe kwenye faili tu? Hapo ndipo penye ugumu. Anayejua faili ziko wapi kwenye diski ni kerneli yenyewe, na ikishapaniki, ramani iliyonayo kichwani haiaminiki tena. Ukiiruhusu iandike faili la mwisho huku akili imeiruka, inaweza kuandika juu ya orodha ya mishahara ya kampuni nzima.

Mfumo wa FreeBSD una jibu la kizamani ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Kerneli inayokata roho haigusi faili lolote. Inamwaga nakala ya kumbukumbu moja kwa moja kwenye eneo la swapu, sehemu ya diski inayotumika kama nyongeza ya kumbukumbu, ambako mashine ikishazimika hakuna kitu cha kupoteza. Tena inaandika mwishoni mwa eneo hilo, si mwanzoni, maana mashine ikiamka huenda ikaihitaji swapu kabla nakala haijaokolewa. Aliyewaza hilo alikuwa amewahi kupoteza nakala, au alikuwa na jicho la pekee. Baada ya hapo programu ya savecore huihamishia /var/crash, ikaiita vmcore.0, na pembeni yake ikaweka info.0: saa ya ajali, jina la mashine, na maneno ya mwisho ya kerneli.

Kwenye /etc/rc.conf yote hayo ni mstari mmoja, dumpdev="AUTO". Wengi huuandika wakaenda zao. Fundi wa kweli bado ana maswali. Swapu inatosha kubeba nakala? Na /var je, nafasi ipo, au nakala itaijaza hadi huduma nyingine zikwame? Ndiyo maana kuna kijifaili kiitwacho minfree: unaandika humo kilobaiti ambazo lazima zibaki wazi, na savecore ikiona hazitabaki, haihifadhi.

Linux walipita njia nyingine. Tangu kerneli 2.6.13 ya mwaka 2005 wana kdump: sehemu ya kumbukumbu hutengwa tangu mashine inapowaka, na humo hukaa kerneli ya pili, haina kazi, inasubiri. Ya kwanza ikianguka, ya pili huamka na kuisoma maiti kupitia /proc/vmcore. Kwa kuwa hiyo ina akili timamu, inaweza kuandika kwenye diski, au kupeleka nakala kwenye seva nyingine kwa NFS au SSH. Wabahili hulalamika kwamba megabaiti zilizotengwa zinalala bure. Zilale. Aliyewahi kuulizwa saa tisa usiku kwa nini mfumo umeanguka, akakosa hata herufi moja ya kuonyesha, haoni kuwa ni ghali.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wazuri hulisahau: nakala hiyo ina kila kitu kilichokuwa kichwani mwa mashine, nywila na funguo za siri zikiwemo. Mahali pa kuiweka ni suala la nafasi na vilevile ni suala la nani ana ruhusa ya kuingia. FreeBSD 12, iliyotoka mwaka 2018, ilileta nakala zinazofungwa kwa ufunguo wa umma, na wa kuzifungulia ukawekwa kwenye mashine nyingine kabisa. Aliyeiba diski hana atakachosoma.

Kisha huja sehemu inayotaka moyo: kuiangusha mashine kwa makusudi. Kwenye Linux unaandika herufi c kwenye /proc/sysrq-trigger. Kwenye FreeBSD unaweka debug.kdb.panic kuwa 1. Skrini inasimama, megabaiti zinahesabiwa, asilimia zinapanda moja baada ya nyingine, halafu mashine inajiwasha upya. Unaingia /var/crash na kutazama kama kuna kitu.

Basi wewe unayetarajia kukabidhi seva mpya wiki hii, iangushe kwanza, kabla haijapata mtumiaji hata mmoja. Ukiikuta saraka tupu, bado hujamaliza kazi.