Mshororo Uliokosekana Tororo

Jaribio la kuwakinga wajawazito na malaria lililoanza Tororo, Uganda, mwaka 2014 lina umbo la tathlitha: mishororo mitatu, kila mshororo kundi la wanawake. La kwanza lilipewa sulfadoksini-pirimethamini, yaani SP, ile ambayo wengi bado huiita Fansidar, mara tatu katika ujauzito. La pili likapewa dihidroatemisinini-piperakwini, yaani DP, mara tatu vilevile. La tatu likapewa DP kila mwezi. Vidonge visivyo na dawa ndivyo vinavyoshikilia mizani ya ubeti huu. Kuviita dawa bandia ni kuvionea, maana bandia humdanganya mgonjwa dukani, ilhali hivi, nitakavyoviita vidonge vimya, viliwafanya wanawake wote 300 wameze kwa mwendo mmoja, asijue mmezaji wala mpimaji nani amepata nini.

Uzuri wa muundo, hata hivyo, umo katika mshororo wa kati, ambao unashiriki mwendo na wa kwanza, na dawa na wa tatu. Matokeo mabaya ya uzazi yalikuwa asilimia 18.6 kwa SP, 21.3 kwa DP ya mara tatu, na 9.2 kwa DP ya kila mwezi. Msomaji mwenye haraka huruka kutoka wa kwanza hadi wa tatu, akaitunuku dawa mpya sifa zote. Mtulivu husimama katikati, akaona kwamba dawa ilipobadilika peke yake, mwendo ukabaki uleule, uzazi haukupata nafuu.

Basi kimekosekana nini? SP ya kila mwezi. Naisoma Busia ya upande wa Uganda, ambako uandikishaji wa jaribio jingine ulianza Septemba 2016, kama mahali mshororo huo ulipoandikwa hatimaye: wanawake 782, dawa mbili, mwendo mmoja. (Tungo hizi mbili hazikufafanua matokeo mabaya kwa namna moja, kwa hiyo asilimia zake zisipangwe katika safu moja.) DP ilipunguza malaria waziwazi, lakini waliojifungua watoto njiti, wenye uzito pungufu au wadogo kuliko umri wa mimba walikuwa asilimia 16 kwa SP na 18 kwa DP, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. SP, inayoshindwa katika safu ya malaria, inasimama imara katika safu ya uzazi, pengine kwa kuwa salfa iliyomo hupambana na vijidudu vingine pia. Walioipa kisogo kwa sababu ya usugu wa vimelea walikuwa wakisoma safu moja tu.