Pengo la NDM-1: Kilifi Ilivyosoma Jenomu za Bakteria Sugu, na Kazi Inayoisubiri Kajiado

Bakteria 25 waliotunzwa kwenye friza za Kilifi walibeba siri ambayo kipimo cha kawaida cha maabara kisingeitoa. Walipokutanishwa na dawa za kundi la karbapenemu, ambamo meropenemu ndiyo inayojulikana zaidi, hawakufua dafu. Mtu wa maabara angeandika kwenye fomu kwamba dawa inafanya kazi, na angekuwa sahihi kabisa. Lakini DNA yao iliposomwa herufi baada ya herufi, ndani yake ikaonekana plasmidi yenye muundo uleule wa plasmidi inayojulikana kwa kusafirisha NDM-1, jeni ya kimeng'enya kinachozivunja karbapenemu zisifae kitu. Muundo ulikuwepo. Jeni yenyewe haikuwepo.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017 na watafiti wa mpango wa KEMRI-Wellcome Trust wa Kilifi pamoja na wenzao wa Taasisi ya Sanger ya Uingereza. Walikuwa wamesoma jenomu, yaani DNA nzima, za bakteria 198 wa spishi ya Klebsiella pneumoniae, waliopatikana kwa wagonjwa wa hospitali ya kaunti ya Kilifi katika kipindi cha miaka kumi na ushei. Hawa hawakuwa bakteria waliokaa kwa amani tumboni. Walikuwa wamekwisha kuvamia mwili. Njia iliyofuatwa inafaa kuchambuliwa na yeyote anayezifikiria hospitali za Kajiado na Kitengela, kwa sababu kilichoamua mafanikio yake kilifanyika miaka mingi kabla ya mashine ya kusoma DNA kuwashwa.

Mzizi wake ni Agosti 1998. Kuanzia hapo, karibu kila mtoto aliyelazwa wodini Kilifi alitolewa damu ya kuotesha, hata pale ambapo daktari alishuku malaria na si bakteria. Kazi yenyewe huenda hivi. Mililita chache za damu huingizwa kwenye chupa yenye lishe, chupa ikawekwa ndani ya mashine yenye joto la mwili. Bakteria wakiwemo, hula, huongezeka na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, nayo mashine hutoa ishara. Tone la majimaji hayo hupakwa kwenye kioo cha hadubini, jingine husambazwa juu ya sahani ya lishe. Kesho yake madoa ya bakteria yameota. Mtu wa maabara hutambua ni aina gani, huwajaribu kwa dawa mbalimbali, kisha hufanya jambo ambalo maabara nyingi hulikosa: huchota doa moja, huliweka kwenye kichupa chenye namba ya mgonjwa na kukihifadhi kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri.

Faida ya kwanza ya utaratibu huo haikuhitaji jenomu. Mwaka 2005 watafiti wa Kilifi walionyesha kwamba zaidi ya robo ya watoto waliofariki wodini walikuwa na bakteria kwenye damu. Mwaka 2011 wakaja na takwimu nzito zaidi, zilizotokana na wagonjwa wa 2002 hadi 2009. Miongoni mwa watoto walioingia hospitalini wakiwa tayari na bakteria kwenye damu, asilimia 24 walifariki. Miongoni mwa waliowapata bakteria hao wakiwa wodini, walifariki asilimia 53. Klebsiella alikuwa mstari wa mbele katika kundi hili la pili.

Kutenganisha makundi hayo mawili kunategemea tarehe mbili tu, ya kulazwa na ya kutolewa damu. Bakteria akionekana baada ya saa 48 za kulazwa, huhesabiwa kuwa huenda amepatikana hospitalini. Tarehe moja ikikosekana kwenye fomu, hesabu nzima huvurugika, na hakuna mashine ya bei yoyote inayoweza kuirudisha.

Ndipo ikaja zamu ya jenomu. Vichupa vilitolewa kwenye friza, bakteria wakaoteshwa upya, DNA yao ikachujwa, ikakatwakatwa na kusomwa. Mashine nyingi za kazi hii husoma vipande vifupi vya herufi mia moja na kidogo, mamilioni kwa mamilioni, kisha programu ya kompyuta huviunga kwa kutazama pale vinapopishana. Jenomu ya Klebsiella ina herufi zipatazo milioni tano na nusu. Ikishaungwa, mchambuzi hutazama kwanza jeni saba za msingi ambazo kila Klebsiella anazo. Mchanganyiko wa sura za jeni hizo humpa bakteria namba ya ukoo, jinsi mfugaji wa Kimaasai anavyomtambua ng'ombe wa ukoo fulani kwa chapa na mkato wa sikio. Baada ya ukoo, hutafutwa jeni za usugu, moja moja, kwa kulinganisha na hazina za jeni zinazojulikana.

Picha ya Kilifi haikupendeza. Zaidi ya nusu ya bakteria walikuwa na vimeng'enya vinavyovunja seftriaksoni na dawa za jamii yake, na jeni ya CTX-M-15, iliyokwisha kuzagaa duniani, ilikuwa mojawapo ya zilizohusika. Asilimia 79 walikuwa sugu kwa angalau makundi matatu ya dawa. Usugu huo ulikuwa umepanda mwaka hadi mwaka. Anayejua wodi za hospitali za umma ataelewa uzito wa jambo hili: seftriaksoni ndiyo sindano inayokimbiliwa mtoto mchanga anapozidiwa.

Tuirudie plasmidi. Ni duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu ya bakteria, na bakteria mmoja anaweza kulinakili na kumpa mwenzake, hata wa spishi nyingine. Kwa sababu hiyo usugu hausubiri bakteria azae. Huruka kutoka ukoo hadi ukoo ndani ya utumbo wa mgonjwa mmoja. Na kwa sababu hiyohiyo uchunguzi unaohesabu koo tu hukosa nusu ya habari. Mchambuzi lazima aulize mawili kwa pamoja: bakteria huyu ni wa ukoo gani, na plasmidi aliyoibeba imetoka wapi?

NDM-1 yenyewe iliingia kwenye majarida ya kisayansi mwaka 2009, baada ya kupatikana kwa mgonjwa nchini Sweden aliyekuwa amelazwa New Delhi. Wakati huo Nairobi ilikuwa nayo tayari. Ripoti iliyochapishwa 2011, iliyomhusisha Gunturu Revathi wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, ilieleza Klebsiella wenye NDM-1 kutoka kwa wagonjwa waliolazwa Nairobi kati ya 2007 na 2009. Yaani jeni hiyo ilikuwa mwendo wa saa moja kutoka Kitengela kabla dunia haijaipa jina.

Kilifi nako bakteria 25 walikuwa na plasmidi ya muundo ule bila jeni. Maelezo ya watafiti ni kwamba jeni ilidondoka. NDM-1 haikai imara kwenye plasmidi hiyo, na hospitali ya Kilifi haikuwa ikitumia karbapenemu. Bakteria aliyeibeba hakupata faida yoyote kwa kuibeba. Msomaji mkali anaweza kuuliza kama plasmidi hizo ziliwahi kuwa nayo hata siku moja, au ni ndugu wa zile zilizoipata kwingineko. Swali ni la haki, kwa kuwa jenomu huonyesha kilichopo na kilichopita hukisiwa. Hata hivyo, majibu yote mawili yanaelekea kwenye onyo moja ambalo watafiti walilitoa wazi: karbapenemu zikiingizwa katika hospitali za umma za Kenya, kuna uwezekano mkubwa wa usugu kufuata upesi. Chombo cha kuubebea kimekwisha kuwepo.

Hapo ndipo ufuatiliaji wa jenomu unapokizidi kipimo cha sahani. Sahani husema dawa ipi inafaa leo kwa mgonjwa huyu, na kwa mgonjwa huyo hilo ndilo la maana kuliko yote. Jenomu huweza kusema dawa ipi iko karibu kupotea.

Kazi yake nyingine ni kuwafuata bakteria kitanda kwa kitanda. Mfano uliosomwa zaidi ni wa Bethesda, Marekani, mwaka 2011, katika kituo cha tiba cha Taasisi za Taifa za Afya. Mgonjwa mmoja mwenye Klebsiella sugu kwa karbapenemu alitengwa, akatibiwa, akaruhusiwa kwenda nyumbani mwezi Julai. Wiki tatu zikapita kimya. Mwezi Agosti akapatikana mgonjwa wa pili, kisha wa tatu, hadi wakafika 18; 11 kati yao walifariki, sita kwa sababu ya bakteria huyo. Je, ni mlipuko mpya au uleule? Jenomu zilitofautiana kwa herufi chache mno, na mpangilio wa tofauti hizo ulionyesha kwamba wote walitokana na yule wa kwanza. Katika zile wiki tatu bakteria alikuwa amejificha kwa wagonjwa wasioonyesha dalili. Alipatikana hata kwenye mifereji ya sinki na kwenye mashine ya kupumulia iliyokwisha kusafishwa.

Kipimo cha ukaribu huo kinahitaji busara. Utafiti mkubwa wa hospitali za Ulaya uliochapishwa 2019 ulitumia mpaka wa tofauti za herufi 21 kutambua Klebsiella walioenezana ndani ya hospitali moja. Namba hiyo haiwezi kuchukuliwa kama amri kila mahali. Bila kujua nani alilala wapi na lini, namba peke yake haimtaji aliyeambukiza wala aliyeambukizwa.

Sasa Kajiado. Sensa ya 2019 iliihesabia kaunti hiyo watu 1,117,840, na mji wa Kitengela peke yake zaidi ya 150,000, wengi wakiwa watu wanaopanda matatu kila alfajiri kwenda Nairobi au viwanda vya Athi River na kurudi jioni. Barabara ya Namanga inauunganisha mji huo na Kajiado mjini upande mmoja na hospitali kubwa za Nairobi upande wa pili. Mgonjwa wa rufaa husafiri na bakteria wake, na akirudi nyumbani huweza kurudi na wapya. Ufuatiliaji unaoishia kwenye lango la hospitali moja hauwezi kuona mzunguko huo.

Kuna na mifugo. Oksitetrasaiklini inajulikana vizuri kwa wafugaji wa kaunti hii, na duka la agroveti mara nyingi liko karibu kuliko daktari wa mifugo. Nairobi, utafiti uliochapishwa 2022 ulisoma jenomu 1,338 za E. coli kutoka kwa watu, mifugo na wanyamapori wa familia 99, na bakteria wanaofanana sana walionekana zaidi ndani ya nyumba moja kuliko kati ya nyumba na nyumba. Ni vibaya kumtwika mfugaji lawama ya usugu wa wodini kabla ya ushahidi wa aina hiyo kukusanywa kwake.

Mashine za kusoma jenomu zimo nchini. Kilifi na ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, zilisoma virusi vya korona wakati wa janga, na sampuli za Kajiado zinaweza kwenda huko. Upungufu uko chini zaidi. Uchunguzi wa nchi 14 za Afrika, Kenya ikiwemo, ulitangazwa 2022: kati ya maabara karibu 50,000, ni asilimia 1.3 tu zilizopima bakteria. Pasipo chupa ya damu hakuna bakteria wa kuotesha, na pasipo bakteria hakuna jenomu.

Kwa hiyo bajeti ya kaunti ianzie kwenye chupa za kuoteshea damu zisizokatika, mtu wa maabara aliyefunzwa bakteria, friza yenye umeme wa akiba, na fomu inayodai tarehe ya kulazwa, wodi, kitanda na hospitali alikotoka mgonjwa. Siku meropenemu itakaposhindwa kwa mtoto wa Kitengela, kumbukumbu hizo pamoja na jenomu ndizo zitakazosema kama mtoto huyo alimpata bakteria kwenye kitanda cha jirani, alikuja naye kutoka hospitali ya rufaa, au alikuwa naye tangu nyumbani. Ikiwa ni kitanda cha jirani, wodi itafungwa na sinki zipimwe. Ikiwa ni rufaa, wagonjwa wanaohamishwa wachunguzwe mlangoni. Na ikiwa ni nyumbani, maofisa wa afya ya watu na wa mifugo itabidi waingie bomani pamoja.