Waombolezaji Katika Ramani

Wengi wetu tumemsikia Antoni Gaudí kwa sababu ya kanisa la Sagrada Família la Barcelona, alilokabidhiwa mwaka 1883 na kulitumikia hadi alipogongwa na tramu mwaka 1926. Sisi tunavutiwa zaidi na kazi yake ya uanafunzi. Katika shule ya usanifu wa majengo ya mji huo aliambiwa achore lango la makaburi. Husimuliwa kwamba alianza na njia ya kuliendea: gari la jeneza, watu wanaolia, miberoshi, mawingu ya kijivu. Lango lenyewe lilikuwa bado. Mwalimu hakukubali, na kijana akatoka katika chumba cha mtihani.

Wasimuliaji hupenda kumfanya mwalimu yule kuwa mtu mkavu wa moyo. Hatukubaliani nao. Mwashi hajengi wingu. Anahitaji kujua upana, kina cha msingi na uzito wa jiwe la juu, na machozi ya wafiwa hayamwambii hayo. Mwalimu alikuwa na haki ya kudai vipimo.

Lakini upana wa lango la makaburi hutoka wapi? Hutoka kwa wabebaji. Jeneza lina watu pande zote mbili, na nyuma yake yuko mjane aliyeshikwa mikono. Kwa kuwaweka watu hao kwanza, kijana alikuwa ameshaanza kupima. Ni makanisa mangapi kwetu yaliyojengwa kwa ramani yenye mihuri yote, na bado siku ya msiba jeneza huinamishwa ubavu ili lipite mlangoni? Rula ilifanya kazi yake pale. Aliyekosekana kwenye karatasi ni marehemu na watu wake.

Biblia humtaja Bezaleli kuwa alijazwa roho ya Mungu na ujuzi wa kukata vito na kuchonga miti, vyote kwa pamoja. Gaudí naye, mwana wa fundi wa vyombo vya shaba, alifika huko taratibu. Kwa ajili ya kanisa la wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Eusebi Güell, nje ya Barcelona, alining'iniza nyuzi na kuzifunga vifuko vya risasi ndogondogo, kila kifuko kikishika nafasi ya mzigo wa jengo. Uzi ulioning'inia hivyo hutoa umbo ambalo, likipinduliwa, ni tao linalojibeba. Akapiga picha, akaigeuza juu chini, kisha juu ya picha hiyohiyo akapaka rangi: kuta, madirisha, mwanga.

Kwa maoni yetu michoro hii inalipita mbali lile lango. Kule waombolezaji na mawe walikuwa mambo mawili yaliyokutana kwenye karatasi moja, na mwalimu aliweza kuyatenganisha. Hapa brashi haina pa kukimbilia. Ikiuacha uzi, inachora ukuta utakaoanguka. Na uzi peke yake usingemwonyesha mwumini yeyote mahali atakapopiga magoti.

Ujenzi ulianza mwaka 1908 ukasimama mwaka 1914. Ni sehemu ya chini tu iliyojengwa, na watu husali humo. Nguzo zake kadhaa zimeinama, kama nyuzi zilivyoagiza.